Volti Arobaini na Nane

Niliamshwa na brashi. Kwaru, kwaru, kwaru, kimya, maji kidogo, kwaru tena. Chumba kilikuwa bado giza, na upande wa mume wangu kitandani ulikuwa umeshapoa. Kwanza nilidhani ni panya, kisha nikasema hapana, panya hana subira ya namna hiyo.

Nilimkuta jikoni amechuchumaa mbele ya karai, taa hajawasha, anasugua kucha zake kwa brashi ya kufulia.

"Baba Kidoti, vipi tena?"

"Nanawa."

"Saa kumi na moja hii?"

"Uchafu nao haulali."

Niliwasha taa. Maji ya karai yalikuwa ya kijivu, na ncha za vidole vyake zilikuwa nyekundu kama za mtoto aliyekaa sana majini. Miaka kumi na sita alikuwa akinawa mikono akirudi kazini. Sasa ananawa kabla ya kwenda, na hilo ndilo lililonichoma.

Jana yake, mbele ya watu wote, mwalimu wa mashine mpya aliinua kifuniko cheupe cha plastiki. Kilikuwa na alama ya dole gumba, nyeusi, mistari yote inahesabika. "Hiki kidole ni cha nani?" aliuliza, kwa sauti ya askari aliyeokota kisu. Mume wangu akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Kipara, fundi mwenzake, akasema, "Mwalimu, hiyo ni saini yake, hajui nyingine." Yadi nzima ikacheka. Nami nilikuwa pale, dirishani kwangu stoo, na nilicheka kidogo, Mungu anisamehe, kwa sababu ilichekesha.

Yadi yetu inakodisha mashine ndogo. Kuna vijiko vidogo vya kuchimbia mitaro, vile vinavyopita kwenye geti la nyumba bila kukwaruza nguzo. Kuna vipakizi vya kuzoa kifusi, na vidampa ambavyo mtu anaviendesha amesimama nyuma kama anayesukuma toroli. Zote zilikuwa za dizeli. Zikiwashwa asubuhi kwa pamoja, moshi ulipanda juu ya ukuta, majirani wakafunga madirisha, na mpaka saa mbili kila mtu alikuwa anazungumza kwa kupaza sauti, hata anayeomba kiberiti.

Kisha wateja wakaanza kubadilika. Hospitali ilitaka mtaro uchimbwe chini ya madirisha ya wodi, ikasema haitaki moshi wala ngurumo. Ghala la dawa nalo hivyohivyo. Jengo moja lilikuwa linapanua maegesho yake ya chini ya ardhi, na vibarua walitolewa humo wamebebwa kwa sababu ya moshi. Bosi wetu, mama mtu mzima aliyeachiwa yadi na marehemu mumewe, aliwaza miezi miwili, kisha akaleta mashine sita za betri. Akatangaza kwamba za dizeli zitauzwa zote kabla ya mwaka kwisha. Mafundi walikuwa wanne. Watakaobaki ni wawili. Mtihani, Ijumaa ya wiki ya tatu.

Nafasi moja ilijulikana ni ya nani: fundi mdogo kuliko wote, mwenye cheti, mtu ambaye hata kikombe chake anakiandika tarehe. Ya pili iliachiwa watu watatu. Alikuwepo Mzee Nozeli, aliyepewa jina la kile kipulizio cha dizeli cha ndani ya injini, ambaye alisema waziwazi kwamba yeye ni wa kusindikiza tu. Alikuwepo Kipara. Na alikuwepo mume wangu, aliyeacha shule darasa la tano, na ambaye akiweka kiganja juu ya mashine inayonguruma anaweza kukwambia, "Pampu hii inakula hewa," na ukiifungua unakuta kweli inakula hewa.

Huko nje hakukuwa na kazi nyingine ya kumngoja. Yadi mbili za jirani zilikuwa tayari zimeleta mashine kama zetu, na gereji za malori zilikuwa zimejaa mafundi mpaka mlangoni. Asipobaki pale, hatakuwa fundi tena. Hilo hatukulisema, lakini lilikaa nasi mezani kama mtu wa nne.

Mimi nilisoma umeme jioni, miaka miwili, katika chuo cha ufundi nyuma ya soko. Kidoti, binti yetu, alikuwa hajaacha ziwa. Baba yake ndiye aliyekuwa akimwogesha, akimlisha uji, akimlaza kifuani kwake mpaka nirudi, nami nikirudi naikuta nyumba kimya na sahani yangu imefunikwa. Hakuniuliza hata siku moja ninasoma ili iweje. Watu ndio waliomuuliza yeye. Akawajibu, "Anasoma ili anifundishe nikizeeka." Alikuwa anatania.

Cheti nilikipata. Kazi ya umeme sikuipata. Nikaingia stoo kutoa chujio na bolti kwa watu waliosaini kwanza.

Basi tukaanza kusoma. Kila jioni, vyombo vikishaondolewa, nilitandika daftari zangu za zamani juu ya meza, naye alikaa mbele yangu wima, mikono magotini, kama mtu aliyeitwa ofisi ya mkuu wa shule.

"Samaki mkunje angali mbichi," alisema jioni ya kwanza. "Mimi nimekauka, Mama Kidoti. Ukinikunja nakatika."

"Nitakuloweka."

"Baba ni samaki?" Kidoti aliuliza. Alikuwa na miaka minne na miezi minane, umri wa kuchukua kila neno kama lilivyo.

"Nusu," alisema baba yake. "Nusu ya chini."

Nilimchorea. Nilimsomea, akarudia. Hatua tano za kuifungua mashine ya betri tulizigeuza wimbo: zima, funga kufuli, tundika kibao, ngoja, pima. Kidoti alizishika kabla ya baba yake, akawa anazunguka nyumba akifunga kufuli za uongo kwenye miguu ya viti. Wiki ya kwanza ilipoisha, mume wangu alijua maana ya volti na maana ya ampea, na aliwahi kunisahihisha mimi mara moja. Nilifurahi kiasi kwamba nilikwenda kusimama uani peke yangu.

Kichwa chake hakikuwa na shida. Shida ilikuwa hofu. Yule mtu aliyewahi kulala chini ya mashine ya tani mbili iliyoinuliwa kwa jeki moja, akifika mbele ya nyaya nene za rangi ya chungwa mikono ilimtetemeka.

"Dizeli ina adabu," aliniambia. "Kabla haijakudhuru itavuja, itanuka, itagonga. Inakupa salamu. Huyu umeme amekaa kimya tu, kama mgeni mwenye nia mbaya."

Mwalimu naye alikuwa ameiona ile mitetemo. Tulimpa jina la Glavu kwa sababu hakuzivua. Kipara aliapa kwamba hata kitandani analala nazo. Hakuwa mtu mbaya. Alipita karibu na mume wangu Jumatano moja akasema kwa sauti ya chini, lakini dirisha langu lilisikia, "Mashine yangu siwezi kumpa fundi anayetetemeka. Utajiumiza."

Kesho yake betri moja ya akiba ililetwa stoo. Ilikuwa na ukubwa wa sanduku la nguo, na uzito wake ulihitaji watu wawili. Saa ya chakula, watu wakiwa kivulini, nilimwita mume wangu ndani nikafunga mlango. Nikafungua skrubu nne za kifuniko. Vichwa viwili vya shaba vilikuwa pale, vinang'aa, kimoja na alama nyekundu.

"Volti arobaini na nane," nilimwambia. "Mwili mkavu hauzisikii. Tulifundishwa darasani: chini ya hamsini hauui mtu."

"Darasani kulikuwa na betri?"

"Kulikuwa na ubao."

"Ahaa."

Niliweka kidole kimoja juu ya kichwa kimoja, na kidole cha mkono wa pili juu ya kile kingine. Alinikamata kiwiko. "Mama Kidoti, una mtoto wewe."

"Na nitabaki naye. Tazama."

Hapakuwa na kitu. Shaba ya baridi tu. Alinitazama usoni muda mrefu, akitafuta nilipoficha maumivu. Kisha akaniachia, akafuta viganja vyake kwenye suruali, akaweka vidole vyake palepale, kimoja huku, kimoja huku, macho ameyafumba kama anayengoja sindano. Alipoyafumbua, alikuwa anacheka bila sauti.

"Hamna kitu," alisema. "Kumbe hamna kitu."

Siku hiyo mikono yake iliacha kutetemeka. Jioni alimwogesha Kidoti huku anaimba. Mimi niliwasikiliza nikiwa nakunja nguo, nikajiona mwalimu kuliko walimu wote walionifundisha.

Nililomwambia lilikuwa kweli. Ni kweli hata leo. Limo katika daftari langu, limepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Ukurasa unaofuata, katika daftari hilohilo, unaeleza kitakachotokea ukiunganisha vichwa viwili vya betri kama ile kwa kipande cha chuma. Chuma si mwili. Chuma hakibishi hodi. Kinafungua mlango wote, na nguvu iliyopaswa kuchimba mtaro siku nzima inapita hapo kwa mara moja. Nilifanya mtihani juu ya ukurasa huo pia, nikafaulu. Lakini pale stoo haukunijia, kwa sababu ni nani mwenye akili atakayeweka chuma pale?

Mafundi wote wa yadi yetu, ndio jibu. Wanaita kuonja betri. Fundi wa dizeli akitaka kujua kama betri ndogo ya kuwashia injini imejaa, hahangaiki na mita. Anachukua spana, anagusisha vichwa viwili haraka, kama anayefuta vumbi, na kutazama cheche. Cheche nyeupe, nene: imejaa. Nyekundu, nyembamba: ipeleke ikachajiwe. Ni betri ya volti kumi na mbili, ndogo, mtu anaguna tu na kuendelea. Niliona jambo hilo mara mia kupitia dirisha langu. Na kitu ukishakiona mara mia, hukioni tena.

Ijumaa ilifika. Bosi alisimama kwenye kivuli cha kontena na kikombe chake cha chai. Maswali yalikuwa ishirini, ya kujibu kwa mdomo. Mzee Nozeli alijibu manne, akashukuru, akaenda kukaa. Kipara alipata kumi na moja. Mume wangu alipata kumi na saba.

Glavu alitazama karatasi yake mara mbili. "Nani alikufundisha?"

"Nyumbani kuna mwalimu."

"Anachapa fimbo?" Kipara akadakia.

"Hapana. Ananyima chakula."

Walicheka, na safari hii walicheka pamoja naye. Aligeuza macho kidogo kuelekea dirishani kwangu. Nilishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Tumefika, nilijiambia. Mungu wangu, tumefika.

Ilibaki sehemu ya mikono: kutoa betri kwenye kijiko kidogo na kuweka ile ya akiba. Alizima. Akafunga kufuli. Akatundika kibao chekundu. Akangoja dakika tano nzima, glavu mkononi, mwili umetulia kama maji ya mtungini. Akapima, mita ikasoma sifuri, Glavu akaitikia kwa kichwa. Betri ya zamani ikatoka. Ile ya akiba ikaletwa kwa kitoroli, kifuniko wazi, naye akatakiwa kuipima kabla ya kuiweka.

Mita ikazima. Ilikuwa betri ya mita yenyewe, ile ndogo kama kipande cha sabuni, imekwisha. Glavu aliigonga kiganjani mara mbili, haikuamka.

"Subiri," alisema, akaenda ofisini kuchukua nyingine.

Haikuwa hata dakika. Lakini watu kumi na kitu wamekutazama, bosi ana kikombe mkononi, na wewe umesimama mbele ya betri mikono imening'inia. Yadi ilikuwa kimya mno. Zamani kimya cha namna hiyo hakikuwepo, injini zilikijaza.

"Dunia imekwisha," Kipara alisema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama wanavyosema siku zote pale. "Miaka kumi na sita, na leo fundi anangoja kimita kije kimwambie kama betri imejaa."

Mume wangu alitabasamu. Alivua glavu ya kulia, kwa sababu glavu nene haishiki spana, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa nyuma, ukatoka na spana namba kumi na tatu.

Nilijua kabla spana haijafika. Nilifungua mdomo na kuita, "Baba," neno likafika nusu.

Haikuwa cheche. Ulikuwa mwanga mweupe uliobaki machoni mwangu mpaka usiku, na mlio kama mlango wa chuma umepigwa teke. Watu walilala chini. Waliponyanyuka, spana ilikuwa imeganda juu ya betri, imejikunja kama mshumaa uliosahauliwa juani. Mume wangu alikuwa bado amesimama. Alikuwa anautazama mkono wake wa kulia. Mimi sitauelezea.

Kisha alinitafuta kwa macho, yaliyokuwa yanatiririka machozi ya mwanga, akanipata dirishani, na kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mwanafunzi aliyedhani amepata jibu, akasema, "Lakini ni arobaini na nane."

Hospitalini walichukua ngozi ya paja wakaipandikiza kiganjani. Dole gumba na vidole viwili, daktari alisema, mishipa yake imepikwa. Alitumia neno hilo, kupikwa, huku anaandika kitu kingine. Macho yangerudi, na baada ya wiki mbili yalirudi. Vidole havikurudi.

Kipara alikuja siku ya pili na kofia mkononi. Ndiyo mara ya kwanza niliona makovu ya utotoni aliyokuwa akiyaficha chini yake. "Ni mdomo wangu," alisema.

"Mdomo wako haujawahi kufanya kazi yoyote," mume wangu alimjibu kutoka kwenye mto. "Usianze kujisifu leo."

Kipara alicheka, halafu akageukia ukutani. Alituambia kwamba hatachukua ile nafasi hata akipewa. Shemeji yake ana mashine ya kusaga nafaka, ya dizeli, kuukuu, na atakwenda kukaa nayo mpaka mmoja wao afe.

Siku ya tatu nilisubiri muuguzi atoke. "Ni mimi," nilisema. "Nilikwambia haziui. Sikukwambia habari ya chuma."

"Ungejuaje?"

"Nilisomea. Ni ukurasa unaofuata."

Mkono wake ulikuwa juu ya mto wake wenyewe, mweupe na mkubwa kama kitu cha mtu mwingine alichoachiwa akitunze.

"Siku ile stoo," alisema mwishoni, "alituona mtu?"

"Hapana."

"Umemwambia mtu?"

"Bado."

"Basi ndiyo hivyo, usimwambie mtu. Ulifungua betri ya yadi bila ruhusa. Wakikufukuza na wewe, Kidoti atakula nini, daftari?"

Nilicheka. Nililia nikiwa nacheka, naye akanisogezea mkono wa kushoto, ambao haukujua kufuta machozi, ukanipapasa sikio.

Kwa hiyo bosi alipoleta stoo fomu ya ajali, nilikuwa nimekaa kimya. Alikuwa ameijaza yeye mwenyewe, kwa huruma; aliandika kwamba yadi itabeba matibabu yote. Penye chanzo cha ajali paliandikwa: uzembe wa fundi. Palihitajika saini ya shahidi. Mimi nilikuwa karibu, na nina mwandiko mzuri. Nilisaini. Sijawahi kusaini vizuri namna ile.

Wiki iliyofuata Glavu alikuja dirishani. Nilidhani anataka skrubu.

"Nimeambiwa una cheti cha umeme."

"Cha jioni tu."

"Umeme haujui jioni." Alitazama glavu zake. "Nafasi ya pili iko wazi. Mtihani wa mdomo nitakufanyia leo ukitaka."

Nilikwenda nyumbani na habari hiyo kama mtu aliyebeba mzoga. Mume wangu alikuwa anahangaika kufunga kifungo cha shati kwa mkono wa kushoto. Sikumsaidia, maana hakutaka. Nilimweleza, nikangoja akatae. Nilitamani akatae. Angekataa, ningekuwa nimelipa kidogo.

"Chukua," alisema.

"Siwezi. Ile ni nafasi yako."

"Mama Kidoti." Kifungo kilikuwa kimeingia tundu la jirani; alikitoa akaanza upya. "Unadhani nilikuwa nabeba mtoto kifuani miaka miwili ili wewe ukatoe chujio dirishani?"

Nilichukua.

Ni kazi nzuri. Nasema hivi kwa aibu. Mashine zile zinanisikiliza. Hospitali wanatuita mara kwa mara, na kijiko kinachimba chini ya dirisha la wodi ya wazazi huku watoto wachanga wamelala. Majirani wa yadi wamefungua madirisha. Na kila jioni nilirudi nyumbani nikikimbia, kwa sababu daktari alikuwa amenipa mazoezi: kukunja vidole kimoja kimoja, mara ishirini, kwa mafuta ya moto kidogo, na huenda vitashika tena, baada ya mwaka. Mimi nilikuwa nimeishikilia ile huenda kama kamba ya kisima. Nilikunja, nikahesabu kwa sauti, Kidoti akahesabu nami. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tano. Vidole vilikuwa vinarudi vilipokuwa, pole pole, kama mlango wenye springi.

Jioni moja ya mwezi wa sita aliutoa mkono wake mkononi mwangu.

"Acha."

"Bado tisa. Daktari alisema..."

"Daktari alisema ili utoke ofisini kwake upate kulala." Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa na hasira. "Umechoka. Mimi pia. Acha, mke wangu."

Kidoti alituangalia mmoja baada ya mwingine. "Kumi na moja," alisema, akiwa anangoja kumi na mbili.

Baada ya hapo aliacha kutoka. Sanduku lake la spana aliniambia nilipeleke yadini, wagawane. Alikuwa anaamka, anamvalisha Kidoti kwa mkono mmoja, anampikia uji, anamsindikiza mpaka kona ya shule ya watoto, anarudi kukaa kwenye kiti cha karibu na meza. Mizaha ilimwisha kama unga mfukoni. Nilimletea habari za yadi, akasikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza habari za nchi ya mbali. Lori la dizeli likipita barabarani, aliweka kiganja cha kushoto juu ya meza, kabla vikombe havijaanza kutetemeka. Nilimsikia mara moja, akidhani nimo bafuni. "Nozeli ya tatu," alisema. Lori lilikuwa limeshapita.

Nilifikiri kuwaambia yadini ukweli wote. Nilifikiri mara nyingi, hasa njiani, nikiwa na viatu vya kazi na jina langu limeandikwa juu ya mfuko wa ovaroli. Lakini ukweli ule ungemrudishia nini? Si vidole. Ungechukua tu kile alichokuwa amenipa. Kwa hiyo niliufunga kufuli, nikatundika kibao, na kila siku nikangoja dakika zangu tano.

Jumapili moja, kama saa tisa mchana, nilikuwa uani naanika. Mtu alibisha mlango wa mbele.

"Hodi. Fundi yupo?"

Sauti ilikuwa ngeni. Baadaye nilijua ni dereva mpya, aliyeajiriwa wiki hiyohiyo. Kijiko kilikuwa kimemfia mtaroni, mlinzi wa yadi akamwelekeza nyumba ya fundi, yenye mlango wa kijani. Dirisha la chumba lilikuwa wazi mbele yangu, juu ya kamba, na nilimwona mume wangu ndani.

Alikuwa ameshasimama. Nadhani alisimama kabla ya kujua. Miguu yake ilitafuta viatu chini ya kiti, ikavipata, na mkono wa kushoto ukanyoosha ukosi wa shati. Mabega yalikuwa yamerudi mahali pake. Uso ule sikuwa nimeuona miezi saba. Ningeweza kuita kutoka uani. Ningeweza kusema ninakuja. Nilibaki na kibanio mkononi na shati la maji linanidondokea miguuni, kwa sababu kutoka kwenye kiti chake mpaka mlangoni kulikuwa na hatua sita, na nilitaka awe nazo zote.

Alikuwa amefika ya nne. Kidoti alimpita ubavuni akikimbia, maana kufungua mlango ni kazi anayoipenda, akavuta kitasa kwa mikono miwili, akainua uso kumtazama mgeni, na kama tulivyomfundisha kuwajibu wakubwa, kwa sauti ya kusikika, akasema:

"Fundi ni mama."